Kiti Laini Melini

Miaka michache iliyopita, baada ya kuuza korosho, nilimsindikiza mama mkwe wangu kutoka Lulindi hadi Unguja. Alitamani kuliona kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Wazee wa ukoo wake walikuwa miongoni mwa watumwa waliokombolewa, wakaja Masasi mwaka 1876.

Bandarini Dar es Salaam palikuwa na tiketi za kawaida na za daraja la juu, lenye viti laini. Safari ni kama saa mbili tu, na ile nyongeza ingetosha madaftari ya watoto. Nilisita. Mwishowe nilimlipia mama, kwa ajili ya miguu yake. Mimi nikakaa chini.

Hatujafika mbali, nikamwona anashuka ngazi taratibu.

“Mwanangu, kiti ni kizuri, lakini nizungumze na nani?”

Nikasogea, akaketi. Alinisimulia habari za wazee wake mpaka Unguja ikaonekana.

Mama mwenzangu, kabla ya kumnunulia mzazi raha, muulize kwanza anataka nini. Mimi sikuuliza.