Kabureta Kubwa si Spidi

Wasee, wacha niwaambie ukweli. Nilitoa kabureta ya Boxer ya brathe nikaweka ya pikipiki yenye injini kubwa. Nilitaka nduthi ipae barabara ya Awendo. Wapi! Ukivuta mafuta ghafla inasita, moshi mweusi nyuma, na petroli ya siku nzima inaisha saa sita mchana. Na hiyo nduthi ndiyo inalipa karo ya watoto wake.

Fundi akafungua plagi: nyeusi tii. "Omera, mdomo ukiwa mpana hewa inapita polepole. Petroli inaingia matone matone, haiungui yote."

Akarudisha kabureta ya zamani, akasafisha jeti, akabadilisha filta, akazungusha skrubu ya hewa kidogo kidogo hadi injini ikanguruma bila kusitasita. Baada ya siku mbili tukaangalia plagi: kahawia. Hiyo ndiyo rangi unataka. Nyeupe ni petroli kidogo, injini itachemka.

Kwa hivyo kabla ununue kubwa, tengeneza yako kwanza. Injini hunywa kulingana na pumzi yake. Brathe alinisamehe, lakini funguo hajanipea tena.