Picha ya Bibi Ilivyonitoa Jasho

Basi bwana, mwaka 2022 mwenzenu yalinikuta. Bibi yetu alifariki, na kwa vile mimi ndiye mjukuu niliyejifanya mtaalamu wa simu, nikapewa kazi ya picha ya kuweka mbele ya jeneza. Kubwa, ya A3, ndani ya fremu. Nikajibu kwa mbwembwe: “Hilo niachieni mimi!”

Picha nzuri ya bibi ilikuwa moja tu, aliyopigwa harusini, anacheka mpaka pengo linaonekana. Shangazi aliitupia kwenye grupu la ukoo. Kwenye simu inang'aa utadhani kioo. Nikaipeleka studio ya mtaani, kijana akaivuta mpaka ikajaa karatasi. Loh! Ilivyotoka, bibi ana ukungu usoni, pengo limekuwa doa, kilemba viboksi viboksi. Na hela ya mchango imeshaliwa, mazishi kesho saa nane.

“Kaka, picha yako haina nyama,” kijana akaniambia.

Alikuwa sahihi. Picha ya simu ni vitone, wenyewe wanaita pikseli, na picha ya kushika mkononi inataka vitone 300 kwa kila inchi ya karatasi. Yangu ilikuwa na 1,200 kwa 1,600. Gawanya kwa 300, unapata inchi 4 kwa 5 na kidogo. Hiyo ni ya albamu, tena ndogo! A3 ina inchi 11.7 kwa 16.5, hivyo kila inchi iliambulia vitone visivyofika 100. Ukilazimisha kuikuza, kompyuta inabuni vitone vya kujazia kwa kuchungulia majirani zake. Sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria imejaa, ladha hamna.

Saa nne usiku nikampigia shangazi. “Shikamoo shangazi, ile picha bado unayo kwenye simu yako?” Kumbe ipo! Kwenye grupu picha hubanwa ili iende haraka, kwa hiyo nikamwomba aitume kama dokumenti. Nusu saa ya kumwelekeza pa kubonyeza, jamani, acha tu.

Ikaja na pikseli 3,000 kwa 4,000. Kwa A3 ni vitone 240 hivi kwa inchi. Si 300, lakini picha ya kutazamwa hatua mbili tatu hata 150 inatosha. Umbo lake halikulingana na karatasi. Kijana akataka kuivuta urefu tu, nikamkatalia, bibi angerefuka uso kama kasalitiwa. Tukakata kipande chembamba pembeni.

Saa nane bibi alikuwa pale mbele, anacheka, pengo waziwazi. Watu wakalia upya. Shangazi akaisogelea picha, akaikagua, akanigeukia:

“Na bega langu mmelipeleka wapi?”