Kwa Mpwa Wangu Aliyeko Tengeru

Sanawari, Arusha

Mpwa wangu mpendwa,

Tumefurahi mno kusikia kwamba umepata nafasi katika Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru. Habari za ada, godoro na malazi mama yako ameshazisema zote, sizirudii. Mimi nina neno moja, nalo linahusu yale matangazo yanayobandikwa ubaoni na kusambazwa kwenye makundi ya simu ya wanachuo: kongamano wiki ijayo, mdahalo Ijumaa, bonanza Jumamosi, upandaji miti, maadhimisho ya siku fulani, mkutano wa kijiji jirani. Wengi huyaona hayo kuwa mapumziko ya masomo. Nakuomba wewe uyahesabu kuwa ndani ya masomo, na kati ya yote uipe nafasi ya kwanza mikutano ambamo wananchi wa kawaida husimama wakasema.

Sababu iko katika kazi yenyewe unayoisomea. Chukua mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo ili kuupanga upya utaratibu wake, baada ya malalamiko ya marejesho mabovu na vikundi hewa, na mwaka uliofuata ikarejeshwa. Darasani utafundishwa masharti yake, na ni lazima uyajue. Lakini kwa nini kikundi kilichoandika katiba nzuri kinavunjika mara fedha zinapoingia, kwa nini kina mama wa mtaa mmoja wanarejesha na wa mtaa wa pili hawarejeshi, hayo huyakuti kwenye muhtasari wa somo. Huyasikia pale mwanakikundi anapomuuliza mwenyekiti wake swali mbele ya watu, na mwenyekiti akajibu, au akanyamaza. Vivyo hivyo utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao utaukariri kwa ajili ya mtihani: umejengwa juu ya dhana kwamba wanakijiji hukaa, huzitaja fursa zao, kisha hupanga. Asiyewahi kuwaona wakikaa atausimamiaje? Kwa utaratibu wa serikali za mitaa, mkutano mkuu wa kijiji huitishwa walau kila baada ya miezi mitatu. Ndani ya mwaka mmoja wa masomo, kijiji kimoja tu kitakupa nafasi nne za kutazama.

Na hapo ulipo si mahali popote tu. Chini ya Mlima Meru mikutano ya wananchi imewahi kuitikisa dola. Mwaka 1951 Waingereza waliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki na Leguruki ili ardhi hiyo wapewe walowezi. Wameru walikutana, wakajadiliana, wakachanga fedha zao, na mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa kuisema kesi yao, Watanganyika wakiwa bado chini ya udhamini wa umoja huo. Ardhi haikurudi kwa hotuba ile. Hata hivyo, safari ile haikuandaliwa na wafadhili wala na ofisi yoyote. Iliandaliwa na watu waliojua kuitisha kikao, kugawana mzigo na kumchagua wa kuwasemea. Miaka kumi na mitano baadaye, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akizilaumu shule zinazomtenga mwanafunzi na jamii yake. Lawama hiyo bado inatuhusu. Chuo cha maendeleo ya jamii ambacho wanafunzi wake hawaijui jamii iliyo nje ya uzio kina kasoro ambayo hakuna mhadhara utakaoiziba.

Najua utakalojibu. Kwanza utasema mitihani haingoji mtu. Ni kweli, na mzazi wako hakukupeleka Tengeru ukafeli. Ndiyo maana sikwambii uende kila mahali. Bonanza likikupita, hujapoteza kitu kikubwa. Mdahalo ambao wasemaji wake ni walewale kila mara, uache. Pili utasema shughuli nyingi ni hotuba, fulana na picha. Nakubali nusu. Maadhimisho makubwa yana sherehe nyingi, lakini hata humo yapo mabanda. Mwaka 2025 kilele cha kitaifa cha Siku ya Wanawake kilifanyika hapa Arusha, na kila Agosti Nanenane ya Kanda ya Kaskazini hufanyika viwanja vya Themi, Njiro. Usikae jukwaani kungoja mgeni rasmi. Nenda mabandani, umuulize mkulima wa mboga mbegu kaipata wapi, kwa bei gani, na nani kamkopesha.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kwamba wewe ni mgeni, huna kura katika kijiji hicho, na wanakijiji wamechoshwa na wanachuo wanaokuja na madodoso wasirudi tena. Wana haki ya kuchoka. Basi usiende na dodoso. Jitambulishe kwa mtendaji wa kijiji, omba ruhusa ya kusikiliza, kaa nyuma, usiposemeshwa usiseme, na mkutano ujao urudi. Kurudi ndiko kunakomtofautisha anayejifunza na anayechuma taarifa. Wazee wakianza kusemezana Kimeru, mwombe jirani yako akufafanulie baadaye. Hakuna atakayekuona mjinga. Kuhusu usalama na nauli sibishani nawe hata kidogo: shughuli ya usiku iliyo mbali usiende peke yako, na usiingie deni kwa ajili ya daladala. Tengeru imejaa mambo ya kuendea kwa miguu. Hapo jirani kuna Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, kuna Taasisi ya Nelson Mandela, kuna watafiti wa mboga na matunda. Wakifungua milango yao kwa umma, hiyo ni safari fupi.

Kwa hiyo muhula huu chagua kijiji kimoja, ulizia tarehe ya mkutano wao ujao, uiandike kwenye daftari lako pamoja na tarehe za mitihani. Ukishahudhuria, niandikie ni jambo gani lilibishaniwa zaidi na nani aliyekaa kimya.

Mjomba wako akupendaye.