Kiherehere changu kiliua mashine ya mjomba

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Guta, anadhani unakwenda kupakia mzigo kwenye ile baiskeli ya magurudumu matatu. Guta yangu mimi ni kijiji, upande wa Bunda, kando ya Ziwa Victoria. Huko mjomba wangu anavua dagaa kwa mashine ya Yamaha ambayo karibu inanizidi umri.

Desemba 2018 nilikwenda likizo, vijisenti mfukoni. Nikajifanya mjuaji.

"Mjomba, mashine kuukuu inataka petroli ya bei mbaya. Hizi za kwenye chupa zitaiua."

Mjomba akacheka, akaenda zake msibani. Mimi huyooo Bunda mjini, nikajaza dumu. Jioni nikamimina lita kumi kwenye tangi, nikaingia ziwani na binamu yangu.

Basi bwana, ikanguruma kama imenunuliwa jana! Baada ya muda ikaanza kulia vibaya, ikanyamaza. Kamba ya kuwashia haikuvutika hata kidogo. Giza linaingia, upepo unavuma. Tulipiga kasia mpaka viganja vikachubuka.

Mwaloni wazee wakanitetea: "Ni hii petroli ya siku hizi, haina risasi!" Nusura nidakie hapo hapo. Kweli, Tanzania iliachana na petroli yenye risasi miaka hiyo ya 2005 na 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, mwaka 2021. Risasi ile ilikuwa inalinda viti vya valvu kwenye magari ya zamani. Lakini mashine ya mjomba haina valvu za namna hiyo.

Mjomba akanusa tangi. Akauliza neno moja tu: "Oili?"

Nikatazama chini. "Sikuweka, mjomba. Ni mimi."

Mashine ile ni tustroki. Haina oili yake ya pembeni kama gari. Unaichanganya na petroli, ndiyo inayolainisha pistoni. Yake inataka sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa lita 20. Mimi niliinywesha petroli kavu, pistoni ikang'ang'ania kwenye silinda.

Na ile bei mbaya? Haikunisaidia kitu. Okteni kubwa huzuia petroli kulipuka kabla ya wakati wake. Haiongezi nguvu kwenye mashine ambayo haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Ya chupani niliiogopa kwa haki, maana wajanja huichanganya na mafuta ya taa. Mchezo huo ulinoga sana kabla bajeti ya 2011/12 haijapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Lakini dawa yake ni kununua petroli ya kawaida, safi, kituoni, kuichuja maji, kuitia oili iliyopimwa, na kutolaza dumu miezi.

Wiki tatu mjomba hakwenda ziwani. Mkaza mjomba alikopa unga dukani, na mimi nikila ugali huo huo, kila tonge linanikwama. Mshahara wangu wa Januari wote ulikwenda kwenye pistoni.

Siku hizi nikifika Guta, mjomba hunikabidhi chupa ya oili kwanza, ndipo anaitikia shikamoo yangu.