Kigurudumu cha Mkiani

Mama mwenzangu, huenda ukajiuliza mke wa fundi, mlima viazi wa huku Mufindi, anajua nini habari za ndege. Mwanamke hulijua lile linalomnyima mumewe usingizi. Baba Neema ni fundi wa matrekta, lakini kwa miaka kadhaa amekuwa akimsaidia pia mkulima mmoja aliyejijengea ndege ndogo ya watu wawili bandani kwake, kipande kwa kipande. Mhandisi mwenye leseni huja kuikagua. Kazi ya mume wangu ni kusafisha, kupaka grisi na kutazama. (Grisi hiyo huishia kwenye mashuka yangu, lakini tuyaache hayo.)

Ndege hiyo haina gurudumu puani kama zile kubwa zinazotua Songwe, uwanja wa Mbeya uliofunguliwa mwaka 2012. Ina magurudumu mawili mbele na kigurudumu kimoja mkiani. Wazee watazikumbuka Dakota za East African Airways, shirika lililovunjika mwaka 1977. Nazo zilikaa hivyo hivyo, pua juu na mkia chini, kama mbwa aliyeketi.

Kama umewahi kumwona dereva wa trekta akirudisha tela nyuma, utaielewa shida yake. Uzito wa ndege uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ikianza kupinda, uzito ule unaisukuma ipinde zaidi, hata mkia unataka kutangulia na bawa linagusa chini. Rubani huzuia jambo hilo kwa miguu. Akikanyaga pedali, usukani wa mkiani hugeuka, na minyororo miwili midogo yenye springi hukivuta kigurudumu kielekee huko huko. Ndege ikiwa na mwendo, upepo unaopiga usukani husaidia. Mwendo ukipungua, kinachobaki ni kigurudumu. Na huku kwetu nyanda za juu, Iringa na Mbeya zikiwa juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo ndege hugusa ardhi kwa kasi kubwa kuliko pale Dar es Salaam.

Basi Baba Neema huinua mkia, akauweka juu ya kigoda, akakizungusha kigurudumu kwa mkono. Kikiwa kizito, vumbi letu jekundu limeingia kwenye grisi. Kikicheza kama jino la mtoto, beringi imelika. Hulitazama pia lile bapa la chuma linaloubeba mkia. Likichoka hunyooka, na ile nguzo ambayo kigurudumu hugeukia huinamia mbele kwa juu. Hapo kigurudumu huanza kutikisika ovyo ndege ikikimbia. Minyororo nayo haitaki kulegea ikaning'inia, wala kukazwa kama uzi wa zeze.

Julai ya mwaka juzi aliikuta kulabu ya springi ya kushoto imelika nusu. Mwenye ndege alikusudia kwenda Mbeya Jumamosi ile. Akamwambia aende Mafinga, kwenye duka la vipuri, atafute springi ya pikipiki inayofanana. Mume wangu akakataa. Kufanana kwa macho, alisema, hakumwambii nguvu yake, na ikikatika wakati wa kutua, rubani atabaki na mnyororo wa upande mmoja. Yule bwana alikasirika, akasema atatafuta fundi asiye mwoga, na malipo ya mwezi akayashikilia.

Nasi tulikuwa na ada ya Neema, aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Usiku nilimwuliza kama kwa safari moja tu ile springi isingevumilia.

"Mama Neema, wewe ungepanda?"

Sikumjibu. Tuliuza nguruwe wawili, bei mbaya, na ada ikapungua kidogo hata hivyo.

Kesho yake asubuhi mke wa mkulima akaja kwangu kwa miguu. Tulisalimiana kamwene, nikamkaribisha uji, asiunywe. Yeye ndiye hukaa kile kiti cha pili. Akauliza, "Dada, ni kweli imelika?" Nikampeleka kwa Baba Neema. Kulabu ilikuwa bado juu ya gazeti, imebaki nyembamba kama pini ya nywele. Aliishika, akaipindua, akaomba aende nayo nyumbani.

Jumamosi hatukusikia mngurumo wowote. Springi mbili mpya zilifika kwa basi baada ya wiki tatu hivi, na bahasha ya malipo ikaja siku hiyo hiyo, bila maneno. Mhandisi alipokwisha kukagua, waliiendesha ndege polepole kwenye majani, kulia, kushoto, kisha kulia tena, Baba Neema akikimbia nyuma yake ameinama, macho kwenye kigurudumu. Kile kiti cha pili kilikuwa na mtu. Alinipungia mkono.