Bastola ya Kitale na Boma la Chetambe

Sisi makarani tumezoea kalamu na mihuri, wala mikono yetu haijui kazi nyingine nzito ila jembe la siku ya Jumamosi. Basi mzee mmoja aliyestaafu jeshini, mwenye cheti cha silaha, alipotualika watu wanne kwenda kujaribu bastola yake katika uwanja wa shabaha upande wa Kitale, hatukupata usingizi mwema usiku ule.

Tuliondoka Bokoli alfajiri, tukashika barabara kuu pale Misikhu, tukapita Kamukuywa na Kiminini, Mlima Elgon ukiwa kushoto kwetu. Mwenzetu wa masjala alisimulia sinema njia nzima. Kwa maneno yake, wasomaji, mngedhani amezaliwa na bastola mkononi.

Silaha yenyewe ilikuwa ya namna iitwayo Magnum 357, ambayo Wamarekani waliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Hubeba risasi sita, na uzito wake ulinishangaza. Mzee alitufundisha kwa ukali: mtutu uelekee mbele daima, na kidole kisiguse kifyatulio mpaka aseme. Kisha tukaziba masikio. Nilipofyatua, mikono yangu miwili iliruka juu kama iliyovutwa kwa kamba, kifua kikatikisika, na vumbi likatimka katika tuta la udongo, mbali sana na shabaha. Yule wa masjala alipiga moja tu, akaiweka bastola mezani taratibu, asiseme neno. Dereva alikataa kabisa. “Mimi nina watoto,” akasema, nasi tukacheka, ingawa hakuna aliyemlaumu.

Ndipo mzee akatueleza jambo lililonifanya niache kucheka. Risasi ile, alisema, huenda kiasi cha mita 380 kwa nukta moja, na sauti huenda mita 340 hivi. Mtu aliyesimama kwenye tuta lile angepigwa kwanza, mlio ufuate baadaye.

Nyanya yangu, ambaye sisi Wabukusu humwita kukhu, alikuwa akitusimulia vita vya Chetambe vya mwaka 1895. Bunduki zilikuwamo katika chanzo cha ugomvi: askari waliotumwa kudai bunduki zilizoingia mikononi mwa Wabukusu waliuawa, kisha Hobley akaja na jeshi la Wasudani pamoja na wasaidizi wengi. Boma la Lumboka likaanguka, halafu la Chetambe, ambako watu wenye mikuki walijificha nyuma ya ukuta wa udongo na handaki, wakielekezewa mzinga wa Hotchkiss. Babu yake kukhu alikuwa kijana ndani ya boma. Naye alisema ya kwamba ukuta ulianza kutema vumbi wenyewe, watu wakaanguka, ndipo ngurumo ikasikika. Mimi, mwanafunzi niliyejiona msomi, nilimwambia mbele ya wageni kwamba hayo ni maneno ya wazee: je, jeraha litatanguliaje mlio? Alininyamazia, wala hakuisimulia tena habari hiyo nikiwapo.

Wakati wa kurudi nilimwomba dereva asikate kona ya Misikhu, bali aendelee hadi Webuye. Tulipanda kilima cha Chetambe jua likiwa limepungua. Handaki lingali laonekana, limejaa majani. Chini yake mto Nzoia unaanguka kwenye maporomoko, na majengo ya kiwanda cha karatasi yako ng'ambo. Nikashuka handakini peke yangu, mikono ikiuma bado. Kukhu alifariki miaka sita iliyopita, nami sikuwahi kumwomba radhi. Nilisema kwa sauti, kwa Kibukusu, kwamba babu yake alisema kweli.

Nilikaa pale mpaka dereva akapiga honi mara mbili, maana jua lilikuwa linatua upande wa Bokoli.