Kunde Zina Damu

Swali la tatu ndilo lililonipeleka sapu. Tuliulizwa kazi ya leghemoglobini kwenye vinundu vya mizizi ya mimea jamii ya mikunde. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: "Husafirisha oksijeni, kama himoglobini ya damu yetu." Mistari miwili, nikakusanya karatasi, nikaenda kula. Matokeo yalipobandikwa, hamu ya kula ikaisha.

Likizo nikarudi nyumbani Gairo na madaftari begani. Nikamkuta mama na mpango wake: amuuze mbuzi jike, tena mwenye mimba, anunue mfuko wa urea wa kukuzia kunde na maharage. Wadau, mbuzi yule ndiye tunayemtegemea kila boom likichelewa.

"Mama, usimuuze kwanza. Nikaangalie mizizi."

"Haya, mtaalamu," akacheka.

Nikachimba taratibu kwa jembe ili mizizi isikatike. Kwenye kunde, vinundu vilikuwa vimejaa. Nikapasua kimoja kwa ukucha: ndani chekundu kama nyama mbichi. Kwenye maharage vilikuwa vichache, vidogo, na ndani vyeupe.

Hapo shambani ndipo nikalielewa swali la tatu. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewani. Bakteria aina ya raizobia, wanaoishi ndani ya vinundu, huigeuza kuwa amonia, na mmea huwalipa sukari. Tatizo ni kwamba kimeng'enya wanachotumia, naitrojenesi, huharibiwa na oksijeni. Na bakteria hao hao wanaitaka oksijeni ili wapumue, maana kazi yenyewe inakula nishati vibaya mno: kila molekuli ya naitrojeni hugharimu angalau ATP 16. Oksijeni ikizidi, kimeng'enya kinakufa. Ikikosekana, bakteria wanaishiwa nguvu.

Leghemoglobini inatatua yote mawili. Inaikamata oksijeni kwa nguvu na kuwapelekea bakteria kidogo kidogo, huku ile inayobaki huru ikiwa ndogo sana. Ni kama mama anayeshika hela ya nyumba: watoto wanakula kila siku, ila hakuna anayeiona noti ikizagaa mezani. Mimi niliandika kusafirisha tu, nikasahau kubana. Nusu ya jibu.

Mjapani Hideo Kubo ndiye aliyeitambua himoglobini hiyo kwenye vinundu vya soya mwaka 1939. Mwaka 2005 watafiti waliizuia isitengenezwe kwenye mmea uitwao Lotus japonicus. Vinundu viliota, lakini naitrojeni haikugeuzwa kuwa amonia. Kwa hiyo ule wekundu, unaotokana na madini ya chuma kama kwenye damu yetu, ni dalili kwamba kazi inaendelea. Cheupe hakifanyi kazi, na cha kijani kimeshazeeka.

Nikamwambia mama: "Kunde ziache, zinajitengenezea mbolea. Ukizimwagia urea, vinundu vitapunguza kazi. Maharage ndiyo yana njaa." Akanitazama kwa muda. Kesho yake akauza kuku wawili, akapimiwa urea ya kilo, tukaweka kwenye maharage peke yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Fikiria: mtu aliyefeli swali hilo hilo ndiye kamshauri mama yake kuhusu chakula cha mwaka mzima.

Kunde zilibaki kijani, zikatoa maua, zikabeba. Maharage yalichangamka, ingawa hayakufika tulipotaka. Mbuzi akazaa mapacha. Na sapu nimepita.

Mama hajui neno leghemoglobini, na sijamfundisha. Ila juzi kanipigia simu. Jirani alikuwa anatafuta hela ya mbolea ya kunde, basi mama kampeleka shambani kwake, kang'oa mche mmoja na kupasua kinundu.

"Nimemwonyesha damu," akaniambia. "Nikamwambia atulie kwanza."